Vidole vya mama wa dagaa: sio gauti, sio upepo wa ziwa

Yuriki asidi ya mama huyu, ile taka ya damu ambayo ikizidi inaleta gauti, ilikuwa ya kawaida kabisa, karatasi ya majibu anayo mkononi, na bado alikuwa ameshameza dawa ya gauti kwa miezi minne. Naanzia hapo kwa sababu ndio kitu kilichonifanya niandike kisa hiki chote cha baridi yabisi, maana huku kanda ya ziwa mtu akisema tu vidole vinauma anaambiwa gauti, acha nyama nyekundu, acha maharage, basi mama wa watu anakula mlenda miezi na miezi na vidole vinazidi kuvimba.

Mimi ni mtu wa maabara, sio daktari, ingawa Mwanza ukishavaa koti jeupe wewe ni dokta tu. Kisa nakiandika kwa ridhaa ya mwenyewe, jina sitaji, na mambo mawili matatu ya kumtambulisha nimeyageuza. Daktari aliyemshika tunafahamiana na kesi hii tumeiongea sana, kwahiyo mtaona nachanganya ya maabara na ya kliniki.

Mama ana miaka 38, watoto wanne, wa mwisho alikuwa na miezi saba wakati anafika kwetu. Anauza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza, ananunua kwa gunia anapima kwa sado. Kabla ya dagaa aligonga kokoto miaka mingi, zile za kukaa chini na nyundo, mtoto mgongoni, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Hilo la kokoto liwekeni pembeni kwanza.

Maumivu yalianza kama miaka miwili nyuma, kidogo kidogo, kwenye vifundo vya pale unapokunja ngumi, mikono yote miwili. Akajua ni kazi. Akashika mimba, na mimba ilipofika mwezi wa nne hivi maumivu yakaondoka, yakaondoka kweli, akawa anafua mwenyewe na kukamua mablanketi. Kipindi hicho hicho alikuwa anakunywa dawa za mtaalamu mmoja wa mitishamba, kwahiyo sifa zote zikaenda kwa mitishamba. Mtoto akazaliwa salama, akafikisha miezi mitatu, na hapo vidole vikarudi vibaya kuliko mwanzo. Pete ya ndoa ikabidi ikatwe. Asubuhi hawezi kukamua nepi, hawezi kufunga kanga, anamwamsha binti yake wa kwanza ndio amfungie mtoto mgongoni.

Basi kila mtu akaja na lake. Upande wa mume wakasema kuna mtu kamwonea wivu kwa sababu ya mtoto wa kiume, kuna kitu kimewekwa. Wifi yake akashikilia upepo, kwamba wote wanaoamka alfajiri kusubiri mitumbwi ya dagaa mwisho wao ni huo huo, baridi inaingia kwenye mifupa. Muuza duka la dawa ndio akaleta gauti.

La upepo lina mvuto wake, siwezi kumcheka wifi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa, mitumbwi inarudi alfajiri na wanunuzi wameshajipanga ufukweni, na kweli kuna kaupepo. Lakini dagaa huyo huyo ndiye aliyetupa jibu, maana siku za mbalamwezi taa hazifui dafu, wavuvi wanapumzika na yeye anabaki nyumbani. Nikamuuliza, mayu, yaani mama kwa Kisukuma, zile siku za mbalamwezi ukiwa umelala zako ndani hushiki gunia wala hupigwi na upepo, asubuhi vidole vinakuwaje? Akasema vile vile, tena afadhali nikiwa kazini maana nikishashika shika vitu, ikifika saa tatu vinalainika. Hilo jibu mimi naliweka juu ya vipimo vingi ninavyofanya kwa siku. Maumivu ya kazi, au ya kusagika kwa viungo uzeeni, yanaongezeka kadri unavyotumika na yanapoa ukipumzika, na ukakamavu wake wa asubuhi unaisha ndani ya nusu saa. Haya ya kwake yanafanya kinyume, kupumzika ndio kunayakaza, na ukakamavu unavuka saa moja, kwake unafika matatu. Hiyo ni alama ya uvimbe unaotoka ndani, unaowashwa na kinga ya mwili yenyewe. Halafu ugonjwa huu upo Dodoma kwenye jua na upo Norway kwenye theluji, baridi inaweza kufanya kiungo kilichokwisha kuvimba kizidi kuuma, ila kuuanzisha haiuanzishi.

Gauti nayo ina tabia zake na hakuna hata moja aliyokuwa nayo. Gauti inamvamia mtu ghafla, mara nyingi usiku, mara nyingi kidole gumba cha mguu, kinakuwa chekundu hata shuka ikigusa mtu analia, na baada ya wiki moja au mbili shambulio linapita. Inapenda wanaume, na kwa wanawake inakuja zaidi wakishakoma hedhi, kwa sababu homoni ya estrojeni inasaidia figo kutoa yuriki asidi. Mwanamke wa miaka 38, ananyonyesha, mikono yote miwili imevimba sawasawa kwa miezi, yuriki asidi ni ya kawaida, na bado unampa dawa ya gauti? Hapo ni biashara tu.

Alipoingia nilimpa mkono kama ilivyo desturi, mwangaluka mayu, akauondoa kabla sijaubana. Mkono wenyewe ukiuangalia juu ya meza unajieleza. Vifundo vya ngumi vimejaa, yale mabonde ya katikati ya vifundo yamepotea kabisa, vifundo vya katikati ya vidole vimetuna pembeni, ukibonyeza ni laini na vya moto moto, sio vigumu kama mfupa. Kifundo cha mkono hakikunji vizuri. Ila vile vya mwisho karibu na kucha vizima. Huo mpangilio, kushoto na kulia vinafanana, vidogo vimeshikwa, vya kucha vimeachwa, ndio sura ya rumatoidi athraitisi, hii ambayo wengi tunaiita baridi yabisi. Na akasema kitu kingine bila kuulizwa, kwamba marehemu mama yake vidole vyote vilikuwa vimelala kuelekea upande wa kidole kidogo, watu wakasema ni uzee, na alikuwa hajafika hamsini.

Sasa vipimo, na hapa nitakaa kidogo maana ndio kwangu. ESR ilitoka 82. Hiki ni kipimo cha kizamani kabisa, unasimamisha damu kwenye mrija unasubiri saa moja unasoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi, mwanamke wa umri wake tunategemea isizidi 20. CRP, kipimo kingine cha uvimbe mwilini, juu. Damu 9.6, chembe sahani zimepanda. VVU hakuna, homa ya ini B hakuna, malaria hakuna. Sikilizeni kwa nini tunapima hivyo vyote kwa mtu anayelia vidole, virusi kadhaa vinavimbisha viungo vidogo pande zote mbili kama rumatoidi, kikiwemo chikungunya ambacho kiliripotiwa kwa mara ya kwanza duniani hapa hapa Tanganyika, kusini kwetu, mlipuko wa 1952 na 1953, na maumivu yake kwa baadhi ya watu yanakaa miezi mpaka miaka.

Kisha RF, yaani rumatoidi fakta. Unachukua tone la seramu unaweka kwenye slaidi nyeusi, unaweka tone la lateksi, yaani vipunje vidogo sana vilivyopakwa kingamwili za binadamu za aina ya IgG, unachanganya, unazungusha slaidi polepole dakika mbili, pembeni una tone la kontroli chanya na tone la kontroli hasi. La kwake liliganda kabla hata sijamaliza kuzungusha, ukaona punje nyeupe nyeupe zimejikusanya na maji yake yamebaki meusi. Maana yake kwenye damu yake kuna kingamwili inayoshika kingamwili nyingine, mwili unatengeneza silaha dhidi ya silaha yake. Erik Waaler kule Oslo ndiye alieleza jambo hili mwaka 1940 akitumia chembe za damu ya kondoo.

Wengi wanaishia hapo. RF chanya, basi una rumatoidi, nenda. Huku ziwani huwezi kuishia hapo, kwa sababu kwenye choo cha mama huyu huyu niliona mayai ya kichocho, lile la mwiba wa pembeni, Schistosoma mansoni, ambalo mtu yeyote aliyekulia kwenye maji haya ya Viktoria anaweza kuwa nalo. Na kichocho cha muda mrefu kinaweza kufanya RF iwe chanya, kama ambavyo TB, malaria, homa ya ini na hata uzee tu vinaweza. Kwa upande wa pili, kati ya wagonjwa wa kweli wa rumatoidi kama watatu kati ya kumi RF yao ni hasi. Kwahiyo slaidi yangu ikiganda au isipoganda haimalizi kesi. Wanaonikasirisha ni wale wanaompima kila mzee anayelalamika goti halafu wanamwambia una baridi yabisi kwa tone moja.

Tukatuma sampuli mbali kwa kipimo cha anti-CCP, kingine cha kutafuta kingamwili za rumatoidi, hiki hakipatikani kila kona na bei yake inauma, ila kikiwa chanya sana kinasema jambo zito zaidi kuliko RF. Kikarudi chanya, tena juu mno. Na kusema ukweli daktari hakukisubiri. Tangu 2010 kuna vigezo vya pamoja vya Marekani na Ulaya, jumla alama 10, ukifika 6 na hakuna ugonjwa mwingine unaoelezea vizuri zaidi basi inahesabika rumatoidi. Viungo zaidi ya kumi vikiwemo vidogo ni alama 5, ESR au CRP kupanda ni 1, kudumu wiki sita au zaidi ni 1. Hapo ana 7 bila RF wala hiyo anti-CCP. Macho na vidole vya daktari vilitosha, na mtu wa maabara ndiye nakwambia.

Ila swali lililonikamata ni lile aliloniuliza akiwa anavaa kanga kuondoka. Sasa dokta, nimeupatia wapi?

Jibu refu ni kwamba huu ugonjwa haukuanzia kwenye vidole. Protini za mwili zimejengwa kwa asidi amino, mojawapo inaitwa ajinini. Kuna vimeng'enya vinaitwa PAD vinavyoweza kuibadilisha ajinini kuwa sitrulini, ni jambo dogo la kikemia, na linatokea kwa kila mtu, hasa sehemu yenye uvimbe au seli zinazokufa. Protini iliyobadilishwa hivyo inakuwa na sura ngeni kidogo. Kwa watu wengi kinga inaiangalia inapita. Kwa wengine, kinga inaikamata, inaitengenezea kingamwili, na kingamwili hizo ndizo anti-CCP inazozitafuta.

Kwa nini wengine? Hapa ndio vinasaba vinaingia. Juu ya seli za kinga kuna protini za HLA, kazi yake ni kushika vipande vya protini na kuvionyesha kwa seli T ili ziamue ni adui au sio. Mwaka 1987 watafiti Gregersen, Silver na Winchester walionyesha kwamba aina mbalimbali za HLA-DRB1 zinazoonekana sana kwa wagonjwa wa rumatoidi zinafanana kwenye kipande kimoja kifupi, asidi amino namba 70 mpaka 74. Kipande hicho kipo pale pale protini inaposhikiliwa, na aina hizo zinashika vizuri vipande vyenye sitrulini. Zikivionyesha, seli T zinaamka, zinaziamsha seli B, seli B zinamwaga kingamwili. Sasa hivi maeneo ya vinasaba yanayohusishwa yanapita mia, ila hilo la DRB1 ndilo zito kuliko yote. Mama yake mwenye vidole vilivyolala anaingia hapa.

Na kuna kazi moja ya Uholanzi ambayo mtu wa maabara hawezi kuisahau. Walichukua wagonjwa 79 wa rumatoidi ambao huko nyuma walikuwa wachangia damu, sampuli zao za miaka hiyo zipo zimegandishwa, wakazitoa wakazipima. Karibu nusu walikuwa tayari na RF au anti-CCP kabla ya dalili yoyote, kwa yule wa katikati kwenye orodha yao kama miaka minne na nusu kabla, mmoja mpaka zaidi ya miaka 13. Ilichapishwa 2004. Yaani mtu anachangia damu, anatembea, anacheza mpira, na ugonjwa umeshaanza kwenye damu yake. Ukipiga hesabu hiyo kwa mama wa dagaa, inawezekana kabisa kingamwili zake zilikuwepo tangu enzi za nyundo na kokoto.

Haya, kokoto. Mawe ya Mwanza ni graniti, na graniti imejaa silika. Ukiligonga likiwa kavu vumbi lake laini linaingia mpaka chini kabisa kwenye mapafu, makrofaji wa mapafu, yaani seli za kinga zinazomeza uchafu, wanalimeza, hawawezi kulivunja, wanakufa wakimwaga vitu vya uvimbe, na penye uvimbe hapo PAD zinafanya kazi. Uhusiano wa vumbi la migodini na viungo sio mpya, Caplan aliuona kwa wachimba makaa wa Wales na kuandika 1953, na baadaye Wasweden walionyesha kwamba wanaofanya kazi kwenye vumbi la silika wanapata rumatoidi zaidi, hasa ile yenye kingamwili. Sigara inafanya kitu kinachofanana na hicho, na mtu mwenye zile HLA akivuta hatari inapanda sana kuliko ukijumlisha tu moja na moja. Mama huyu hajawahi kuvuta. Vumbi amelivuta tangu msichana. Siwezi kusema kokoto ndizo zilimpa, kwa mgonjwa mmoja mmoja hakuna anayeweza kuthibitisha hivyo, ila kwenye orodha yangu ya washukiwa ziko juu, na upepo wa ziwa haupo hata chini.

Fizi nazo. Daktari alimwangalia mdomoni akakuta fizi zimevimba na zinatoa damu akipiga mswaki, meno mawili yanacheza. Kuna bakteria wa fizi anaitwa Porphyromonas gingivalis, ana kimeng'enya chake mwenyewe cha PAD, anaweza kuzalisha sitrulini pale pale kwenye fizi. Kwahiyo mapafu na mdomo, sehemu mbili tofauti kabisa na vidole, zote zina uwezo wa kumfundisha kinga tabia mbaya.

Halafu uzazi. Kwa takwimu za WHO watu kama milioni 18 duniani walikuwa wanaishi na rumatoidi mwaka 2019, na asilimia kama 70 ni wanawake. Homoni zinahusika, na ujauzito unaonyesha waziwazi. Mimba inailazimu kinga ya mama ilegee kidogo, maana mtoto nusu ya vinasaba vyake ni vya baba, na kingamwili zenyewe zinabadilika sukari zilizobandikwa juu yake makali yake yakapungua. Wagonjwa wengi, sio wote, wanapata nafuu, na miezi michache baada ya kujifungua inarudi, wengine ndio wanauona kwa mara ya kwanza. Philip Hench wa Mayo Clinic aliliona hili kwa wagonjwa wake miaka ya 1930, akashawishika kwamba mwili wenyewe una kitu kinachotuliza, akakitafuta, na 1948 wakamchoma kotisoni mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa hawezi kutembea, ndani ya siku chache akatembea. Nobel ya 1950 ilitoka hapo, yeye na Kendall na Reichstein. Kwahiyo yule mtaalamu wa mitishamba samahani sana, mimba ndiyo iliyofanya kazi.

Sasa hizo kingamwili zikifika kwenye kiungo ndio balaa. Kiungo kizima kina mifupa miwili iliyofunikwa na gegedu, kimezungukwa na mfuko, na ndani ya mfuko kuna utando mwembamba wa safu moja mpaka tatu za seli, unaotoa ute wa kulainisha. Kwenye rumatoidi utando huo unajaa makrofaji, seli T na seli B, unaota mishipa mipya ya damu, unanenepa, na unatambaa juu ya gegedu kama gugu maji linavyotambaa kufunika mwalo. Ukigusa kile kitu laini kilichotuna kwenye kifundo chake ndio huo. Seli za utando zinatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha gegedu, na nyingine zinaamsha seli zinazokula mfupa pale pembeni ambapo mfupa hauna gegedu la kuukinga. Eksirei yake ilishaonyesha vishimo viwili vidogo kwenye mkono wa kulia. Vishimo hivyo havizibiki vizuri, na kwa wengi vinaanza ndani ya miaka miwili ya mwanzo, ndio maana miezi minne ya dawa ya gauti inaniuma.

Makrofaji hao wanamwaga sitokini, kemikali ambazo seli za kinga zinatumiana ujumbe, maarufu zaidi TNF na IL-6. Na hapa karatasi yake yote ya majibu inasomeka kama hadithi moja. IL-6 inakwenda kwenye ini, ini linatoa CRP na fibrinojeni, fibrinojeni inafanya chembe nyekundu zishikane mistari mistari zizame haraka, ndio hiyo ESR 82. IL-6 hiyo hiyo inaliambia ini litoe hepsidini, hepsidini inafungia chuma ghalani, damu inashuka 9.6 hata ukimpa vidonge vya chuma havimpandishi sana. Na kwa kuwa sitokini hizi zinapanda usiku kuelekea alfajiri, vidole vinakaza zaidi muda ule ule anaotakiwa kuwa mwaloni. Wifi aliona muda sahihi akakosea sababu.

Matibabu nayapitisha haraka maana sio fani yangu, ila kuna mambo yalikuwa na uzito. Kwanza kulikuwa na vidonge vya kwenye bahasha ya khaki, havina jina, alinunua mtaani, vilimaliza maumivu usiku mmoja. Uso ulikuwa umeshaanza kuwa wa mviringo, wifi anasema umenenepa wifi yangu, na presha imepanda. Daktari akahisi ni steroidi, jamii ya ile kotisoni ya Hench, na kuzikata ghafla baada ya muda mrefu ni hatari, kwahiyo alimwekea predinisoloni, nayo ni steroidi, ya kipimo kinachojulikana akaishusha polepole. Pili ananyonyesha. Dawa ya msingi ya rumatoidi ni methotreksati lakini kwa mama anayenyonyesha au anayeweza kubeba mimba haitolewi, kwahiyo akaanzishiwa haidroksiklorokwini na salfasalazini. Hiyo ya kwanza ni ndugu wa klorokwini, watu wazima mnakumbuka tulivyojikuna mpaka ilipoondolewa kwenye tiba ya malaria 2001, sasa imepata kazi nyingine, ila ukiitumia miaka macho yanatakiwa kuangaliwa. Kichocho kikapigwa prazikwanteli. Fizi zikasafishwa.

Mtoto alipoachishwa ziwa, na mama ameweka uzazi wa mpango, ndio methotreksati ikaingia, mara moja kwa wiki. Kwa wiki, sio kwa siku, wapo waliomeza kila siku wakafa kwa uboho kuzimika. Alichagua Jumapili baada ya ibada, siku nyingine anameza foliki asidi, na kwenye kadi yake daktari aliandika kwa wino mwekundu asipewe septrini bila kumuuliza, maana hizo mbili pamoja zinaangusha damu. Mimi namuona kila anapokuja kupimwa ini na picha kamili ya damu. ESR imeshuka mpaka 28. RF na anti-CCP hatujazirudia na hatuna sababu, hazifuati maumivu ya mtu, anayetaka kukuuzia kipimo cha RF kila mwezi mwambie hapana. Anafunga kanga mwenyewe, sado anaishika, kidole cha kati cha kulia hakinyooki na hakitanyooka.

Binti alikuja naye mara ya mwisho, akaniuliza na mimi nitaupata? Nikamwambia hata mapacha wanaofanana kila kitu, mmoja akiwa nao, mwenzake anaupata kwa kama asilimia 15 tu, kwahiyo damu ya ukoo sio hukumu. Nikamuuliza likizo anafanya nini, akasema anagonga kokoto na shangazi yake. Tukaongea na mama, kama lazima zigongwe basi jiwe limwagiwe maji kwanza vumbi lisipande, na yeye abaki mwaloni.

Upande wa mume bado wanasema kuna mtu. Daktari hakubishana nao, aliwaambia sawa, huyo mtu mtafuteni, ila vidonge vya Jumapili visikatwe.